Hati, Chapa na Tarakilishi: Safari ya Mashairi ya Muyaka na Mafunzo Yake kwa Uchapishaji wa Kitaaluma

1. Utangulizi

Kila yanapozungumzwa mambo ya tarakilishi na vitabu, mjadala huelekea kugawanyika pande mbili. Wako wanaoshangilia kwamba maktaba nzima sasa huingia katika kifaa cha mfukoni, na wako wanaoomboleza kwamba kitabu kimekufa na wasomaji wake wametawanyika. Pande zote mbili husema kana kwamba jambo lililotokea ni geni kabisa, halijapata kuwa na mfano. Lakini kwa lugha kama Kiswahili, ambayo maandishi yake yamekwisha kuhamishwa mara kadhaa kutoka chombo kimoja hadi kingine, safari hii si ya kwanza. Anayetaka kuipima hana budi kwanza kuzitazama zile zilizotangulia, apate kujua ni shehena gani iliyovuka, ni ipi iliyoachwa pwani, na ni nani aliyeshika usukani.

Makala haya yanakusudia kuifuata diwani moja tu, yaani mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika vyombo vinne: kumbukumbu za watu, hati ya mkono, kitabu kilichopigwa chapa, na picha ya kidijitali. Baada ya hapo yataligeukia jarida la kitaaluma, ambalo ndilo chombo cha wanaoyachunguza mashairi hayo. Inadaiwa humu kwamba kila chombo kipya kiliyaokoa mashairi, lakini kila kimoja kilitoza nauli. Nauli hiyo ililipwa ama kwa kupoteza sehemu ya sauti na maana, ama kwa kuyapeleka mashairi mbali na wenyewe. Na kilichopunguza au kuongeza nauli hakikuwa ubora wa chombo, bali kuwapo au kutokuwapo kwa msomaji mjuzi, aliyekijua chombo cha zamani na kile kipya pia.

2. Kutoka kumbukumbu hadi hati

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, akafariki mwaka 1840. Aliishi chini ya utawala wa Mazrui, akawahi kuuona mji ukiingia mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837. Mashairi yake yalihusu mambo ya mji wake: ugomvi wa Mombasa na majirani zake, hila za watawala, safari na biashara, mapenzi, ufukara na uzee. Wahakiki wengi humtaja kuwa miongoni mwa walioufikisha utungo wa Kiswahili sokoni na mitaani, pahali ambapo tenzi za dini hazikuwa zikikaa sana. Umbo alilolipendelea lilikuwa shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita, nalo ni umbo linaloshikika upesi moyoni.

Ni umbo hilo lililoyahifadhi mashairi baada ya mtungaji kufa. Kwa zaidi ya miaka arobaini yalikaa hasa katika vinywa vya watu. Katika miaka ya 1880 William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa, alianza kukusanya tungo za Kiswahili. Kazi hiyo asingeiweza peke yake. Aliyemfaa kuliko wote ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa Mombasa, aliyeyajua mashairi ya Muyaka na aliyejua watu na matukio yaliyokusudiwa ndani yake. Sikujua aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Taylor akayafasiri kwa herufi za Kirumi na kuyatilia maelezo. Sikujua alifariki mwaka 1890. Lau Taylor angalichelewa miaka kumi, au lau Sikujua hangalikuwa na hamu ya kuandika, sehemu kubwa ya diwani hii ingalizikwa pamoja naye.

Hata hivyo, herufi za Kiarabu nazo zilikuwa na mipaka yake. Irabu fupi za Kiarabu huonyeshwa kwa alama tatu, hali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo alama moja ya kasra iliweza kusimamia i au e, na dhamma kusimamia u au o. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya ba kwa b, kwa p na kwa mb pia. Matokeo yake ni kwamba neno pembe na neno bibi huweza kuandikwa kwa sura moja. Msomaji aliyekulia katika lugha hakutatizika, kwa sababu vina, mizani na mazoea vilimwonyesha neno lililotakiwa. Msomaji wa mbali, aliye na hati bila ya lugha, alikuwa kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Yafaa jambo hili lisisitizwe, kwa kuwa litarejea katika zama za tarakilishi. Hati ya Kiswahili ilikuwa nusu ya maandishi. Nusu ya pili ilikaa kichwani mwa msomaji. Hati haikukusudiwa kusomwa kimya na mgeni. Ilikusudiwa kumkumbusha mjuzi yale aliyokwisha kuyajua, ili ayaghani mbele ya wengine. Ndiyo sababu hati nyingi za pwani zilikaa majumbani, zikinakiliwa upya kila karatasi ilipoliwa na mchwa au kuozeshwa na unyevu. Utendi wa Tambuka, unaotajwa kuwa wa mwaka 1728 huko Pate, haungeweza kufika karne ya ishirini bila mikono iliyokuwa ikinakili. Kinga ya maandishi haikuwa ugumu wa karatasi. Ilikuwa wingi wa nakala na wingi wa wanaojua kuzisoma.

3. Chapa na mabadiliko ya wasomaji

Mtambo wa kupigia chapa ulifika Zanzibar pamoja na wamisionari katika miaka ya 1860. Edward Steere, aliyefika huko mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha vitabu vingi vya Kiswahili kwa herufi za Kirumi; sarufi yake na mkusanyo wake wa hadithi ulitoka mwaka 1870. Serikali za kikoloni zikazifanya herufi za Kirumi kuwa herufi za shule na za ofisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ikapewa kazi ya kuvisanifisha vitabu vya shule.

Faida ya mabadiliko hayo haikanushiki. Kitabu kimoja kiliweza kusomwa Kisumu, Tabora na Kampala. Gazeti la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923 na Baraza likaanza Nairobi mwaka 1939, na yote mawili yakawapa wasomaji ukumbi wa mashairi na barua. Lakini mabadiliko hayohayo yaliukata uzi. Mtoto aliyefundishwa kusoma kwa herufi za Kirumi peke yake hakuweza tena kuzisoma karatasi za babu yake zilizokuwa sandukuni. Zilikuwa katika lugha yake mwenyewe, naye hazimjui. Aidha, Kimvita cha Muyaka, chenye mato kwa macho, nti kwa nchi na ndia kwa njia, kilisogezwa pembeni kikaitwa lahaja, jina ambalo shuleni lilieleweka mara nyingi kuwa ni kosa.

Katika hali hiyo ndipo mashairi ya Muyaka yalipopigwa chapa kwa ukamilifu wa kitabu. Karatasi za Taylor, aliyefariki mwaka 1927, zilikuwa zimeingia katika maktaba ya chuo cha London kijulikanacho leo kwa jina la SOAS. William Hichens alizitumia kutayarisha Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyotolewa Johannesburg mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Itazamwe ramani ya safari hiyo: mashairi yalitungwa Mombasa, yakahifadhiwa London, yakachapwa Johannesburg. Kwa mara ya kwanza mtu wa bara asiyejua herufi za Kiarabu aliweza kuyasoma. Lakini kitabu kiliyatoa kwa herufi za Kirumi, na msomaji hakuweza tena kuona jinsi yalivyokuwa yameandikwa wala kuupima uamuzi wa mfasiri palipokuwa na njia mbili za kusoma neno moja.

Ilipita miaka karibu arobaini kabla ya uamuzi huo kupimwa. Mohamed Hassan Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenyeji wa Mombasa, aliyarudia mashairi hayo katika kitabu chake kuhusu Muyaka kilichotolewa Nairobi na Kenya Literature Bureau mwaka 1979. Huyu alikuwa na ujuzi wa aina mbili ambazo tangu wakati wa Sikujua na Taylor hazikukutana sana katika kazi ya diwani hii: aliijua lugha kwa kuzaliwa nayo, na aliujua uchunguzi wa kitaaluma kwa kufundishwa. Kwa hiyo mashairi yalirudi nchini yakiwa na tafsiri, maelezo ya historia na ufafanuzi wa Kimvita. Kitabu cha 1979 kilitumia chombo kilekile cha mwaka 1940, yaani chapa. Kilichoongezeka ni msomaji.

4. Picha ya hati

Wakati huohuo chombo kingine kilikuwa kikiingia polepole. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka mwambao akikusanya hati za Kiswahili na za Kiarabu pamoja na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Kazi za namna hiyo zilitegemea sana maikrofilamu. Hati ilipigwa picha, utepe ukapelekwa katika maktaba, na karatasi yenyewe ikarudishwa kwa mwenyewe. Maikrofilamu ilikuwa na ubaya wake: ilihitaji mashine ya kuisomea, na msomaji alilazimika kusafiri hadi ilipo mashine. Lakini ilifundisha jambo la msingi, kwamba yawezekana mtaalamu apate hati bila ya mwenye hati kuipoteza.

Picha ya kidijitali ni mtoto wa maikrofilamu, na imeondoa lile sharti la safari. Mwanzoni mwa karne hii SOAS iliandaa katalogi mpya ya hati zake za Kiswahili, ikiwa ni pamoja na mikusanyo ya Taylor na Hichens, na sehemu ya hati zikawekwa kwenye mtandao. Miongoni mwa walioifanyia kazi hiyo alikuwa Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyeishi London hadi alipofariki mwaka 2008. Tokeo lake ni kwamba mhadhiri aliye Eldoret au Kakamega aweza leo kuitazama karatasi ambayo zamani ingemgharimu nauli ya ndege na ruhusa ya maktaba.

Mfano wa pili ni wa Lamu. Mpango wa British Library wa kuzihifadhi nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, uligharimia upigaji picha wa hati za Msikiti wa Riyadha, ambao asili yake ni kazi ya Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935. Sharti la mpango huo ni kwamba hati zenyewe zisiondoke katika nchi yake. Kwa hiyo karatasi za Riyadha zingali Lamu, na picha zake zimefika London. Ukilinganisha na karatasi za Taylor, mwelekeo umegeuka: safari hii iliyosafiri ni nakala, wala si asili.

Lakini si haki kulifunga jambo hili kwa furaha. Mnamo Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao. Huduma zake nyingi za tarakilishi zilifungwa, na kwa miezi mingi wasomaji duniani kote hawakuweza kuzifikia hati nyingi zilizokuwa zimepigwa picha. Karatasi zilikuwa salama kabatini. Zilizotoweka ni picha ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzizoea kama kwamba ndizo maktaba. Tukio hilo latosha kumzindua yeyote anayedhani kwamba kilichowekwa kwenye mtandao kimehifadhiwa. Kiambo cha zamani kilichokuwa na nakala tano za utenzi mmoja katika nyumba tano kilikuwa na kinga ambayo picha moja katika tarakilishi moja ya mbali haina.

Watunzaji wa maktaba wenyewe wameukubali ukweli huo. Tangu mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Stanford kimekuwa na mpango wa kuhifadhi majarida ya kidijitali kwa kuweka nakala zilezile katika maktaba nyingi zilizo mbalimbali, ili nakala moja ikiharibika irekebishwe kwa nyingine. Msingi huo ni uleule wa watu wa Pate na Lamu, isipokuwa waandishi wa zamani walitumia kalamu ya tete, na hawa wanatumia waya.

5. Kusoma kwa mashine

Picha ya ukurasa si maandishi bado. Tarakilishi inayoonyesha picha ya hati haijui kilichoandikwa humo, kama vile kioo kisivyojua sura ya anayejitazama. Ili neno liweze kutafutwa, kuhesabiwa au kulinganishwa, lazima herufi zake zitambuliwe moja moja. Kwa vitabu vilivyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi kazi hiyo imekwisha kuwa nyepesi, na Kiswahili kimefaidika kwa kuwa tahajia yake haina alama nyingi. Ndiyo iliyowezesha mikusanyo mikubwa ya matini. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mapema kutengeneza programu za kuchanganua maneno ya Kiswahili, na mkusanyo wa Helsinki, katika toleo lake la mwaka 2016, umefikia maneno yapatayo milioni 25. Mwaka 1994 ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa Kamusi, uliowaalika wasomaji wa mahali popote kuchangia maneno kwa njia ya mtandao.

Kwa hati za herufi za Kiarabu mambo ni magumu zaidi. Herufi zenyewe si tatizo tena, kwa kuwa mfumo wa Unicode, ulioanza kutolewa mwaka 1991, una nafasi za herufi za ziada zinazohitajiwa kwa p, ch, v na g. Ipo pia programu iitwayo Andika!, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza kwa Kirumi. Ugumu uko katika ile nusu ya pili ya maandishi iliyokuwa kichwani mwa msomaji. Programu za kutambua mwandiko wa mkono hujifunza kwa kupewa kurasa ambazo mtu amekwisha kuzisoma na kuziandika sawasawa. Mashine haiwezi kuamua kama ni pembe au bibi mpaka pawe na mjuzi aliyeiamulia mara nyingi kabla. Pasipo na Sikujua, mashine haina cha kujifunza.

Hapa ndipo historia inapotishia kujirudia. Mkusanyo wowote wa matini hujengwa kwa yale yanayopatikana kwa wepesi, nayo ni magazeti, nyaraka za serikali na vitabu vya Kiswahili sanifu. Programu zinazosahihisha tahajia, na zile zinazotunga maandishi zenyewe ambazo zimeenea tangu mwaka 2022, hujifunza kutokana na wingi huo. Mwanafunzi akiandika mato au ndia, mashine humpigia mstari mwekundu chini yake. Kazi iliyofanywa na muhuri wa Kamati tangu mwaka 1930 sasa yaweza kufanywa na programu isiyokuwa na kamati wala mkutano ambao mtu aweza kwenda kutoa hoja yake. Kamati ilikuwa na wajumbe waliojulikana kwa majina, na ilijibiwa katika kurasa za magazeti. Mstari mwekundu hauna wa kujibiwa.

6. Jarida la kitaaluma

Mabadiliko hayo hayakuishia katika kazi za kale. Yameyagusa pia majarida ambayo ndani yake kazi hizo hujadiliwa. Taarifa ya Kamati ya Lugha, iliyoanza mwaka 1930, ndiyo iliyokua hata ikawa jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mulika lilifuata mwaka 1971. Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki makala nyingi za semina za miaka hiyo zilipigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili, nakala chache tu kwa kila makala. Zilisomwa, zilijadiliwa kwa ukali, halafu zikafungwa katika mafaili. Anayezitafuta leo hukuta wino umefifia na kurasa za mwisho zimekatika. Fasihi nzima ya mijadala ya lugha iliyofanyika baada ya uhuru imo hatarini kuliko hati za Muyaka, kwa sababu haikupata hata heshima ya kuitwa ya kale.

Kwa majarida tarakilishi ilileta tumaini kubwa. Wanafizikia walianza mwaka 1991 kubadilishana makala kwa mtandao bila kungoja chapa. Mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa kuyaweka majarida ya Afrika kwenye mtandao, unaojulikana kwa kifupi cha AJOL, ambao leo una majarida zaidi ya 500. Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994 likiwa chapa ya karatasi, lilihamia mtandaoni na kusomwa bure. Jarida la Kiswahili na Mulika nayo yanapatikana kwa njia hiyo. Kwa msomaji wa Kenya, ambaye maktaba yake iliwahi kukatiza malipo ya majarida ya ng’ambo kwa ukosefu wa fedha za kigeni, hii ni neema isiyo na shaka.

Lakini nauli haikuondolewa, imebadilishwa mlipaji. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilitaka makala za kitaaluma zisomwe na wote bila malipo. Wachapishaji wakubwa waliitikia kwa kuuhamisha mzigo kutoka kwa msomaji hadi kwa mwandishi. Mwaka 2021 jarida la Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa makala moja ya aina hiyo. Zamani mhadhiri wa Kiafrika hakuweza kusoma. Katika mpango huu aweza kusoma, lakini hawezi kusomwa. Kando ya wachapishaji hao wameota wengine, wasiokuwa na wahariri wala wasomaji wa kupima makala, wanaotoza ada ndogo na kuahidi kuchapisha katika siku chache. Jeffrey Beall wa Marekani aliwaorodhesha kwa miaka kadhaa hadi alipoiondoa orodha yake mwaka 2017. Wanapata wateja popote pale ambapo kupanda cheo hupimwa kwa kuhesabu makala kuliko kuzisoma.

Linalopotea katika biashara hiyo ni lilelile lililokuwa na thamani katika diwani ya Muyaka, yaani mtu wa katikati. Mhariri mzuri wa jarida alikuwa na kazi ya Sikujua. Aliijua mada, aliwajua waandishi, alijua kosa lilipojificha, na aliirudisha makala mara mbili na tatu mpaka ikanyoka. Tarakilishi imeondoa gharama ya karatasi na ya posta, lakini haikuondoa gharama ya saa zinazotumiwa na msomaji makini. Ndiyo gharama ambayo bajeti za idara huielewa kidogo kuliko zote, kwa kuwa haina risiti.

Liko pia suala la kudumu. Tovuti ya jarida huishi maadamu ada ya jina lake inalipwa na kuna mtu wa kuitunza. Mtu huyo akihama, au ada ikisahauliwa mwaka mmoja, matoleo yote hutoweka kwa pamoja, jambo ambalo halingeweza kulipata jarida la karatasi lililotawanyika katika maktaba kumi. Na vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 vimekwama pabaya zaidi. Vingi havichapwi tena, na hata hivyo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Ulinzi huo ni haki ya mwandishi na wanawe, wala haupasi kubezwa. Lakini pale ambapo mchapishaji amefunga milango na warithi hawajulikani walipo, kitabu hukosa wa kukichapa na hukosa vilevile wa kutoa ruhusa kipigwe picha. Hivyo yawezekana shairi la mwaka 1830 likapatikana kwa dakika moja, na uhakiki wake wa mwaka 1980 usipatikane kwa mwaka mzima.

7. Hitimisho

Safari ya mashairi ya Muyaka inaonyesha kwamba swali la kama tarakilishi itakiua au itakiokoa kitabu limeulizwa vibaya. Hati ya Sikujua iliyaokoa mashairi kwa sababu aliyeandika alikuwa akiyafahamu. Chapa ya mwaka 1940 iliyatangaza lakini ikamwacha msomaji bila njia ya kuisahihisha, na ya mwaka 1979, kwa mtambo wa aina ileile, ikayarudishia sehemu ya maana yake. Picha za karne hii zimeifikisha karatasi mbele ya macho ya kila anayetaka, nazo zinamngoja atakayezisoma.

Na wasomaji hao wanapungua. Wazee wa Lamu, Pate, Mombasa na Vanga wanaoweza kuchukua hati ya utenzi wakaighani bila kusita hawazidi kuongezeka, na shule hazifundishi tena Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wakimalizika, picha zote zilizowekwa mitandaoni zitabaki zikionekana vizuri na zisisemwe. Hakuna programu itakayoijaza nafasi hiyo, kwa maana programu hujifunza kwao.

Mambo matatu yamo katika uwezo wa idara za lugha za vyuo vikuu vya Kenya, nayo hayahitaji mitambo ya bei kubwa. La kwanza ni kuyarudisha mafunzo ya kusoma hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu katika masomo ya uzamili, na kumpa kila mwanafunzi kurasa kadhaa za hati iliyokwisha kupigwa picha ili azifasiri, akikaa na mzee anayezijua, na kazi yake ihifadhiwe pamoja na picha. La pili ni kudai kwamba kila hati ya nchini inapopigwa picha, nakala yake kamili ikae nchini pia, katika maktaba zisizopungua tatu zilizo mbalimbali. La tatu ni kuyafungua yale mafaili ya stensili kabla wino haujaisha, kuwatafuta waandishi walio hai na warithi wa waliokufa, na kuomba ruhusa zao kwa maandishi.

Taylor alikuwa na muda wa miaka michache tu pamoja na Sikujua, naye aliutumia. Wanaofundisha lugha leo wana kamera, tarakilishi na mtandao ambao Taylor hakuwa nao. Wanao pia wazee wachache waliosalia, na muda wa kukaa nao si mrefu kuliko ule aliokuwa nao yeye.